Maabara ya mitandao nyumbani kwa laki tatu na nusu, niko Ujiji: nianze na kifaa gani?

KijanaWaUjiji (Kigoma)

Wakuu habari zenu, wakubwa wote shikamooni.

Nimemaliza diploma ya TEHAMA mwaka jana, nipo nyumbani Ujiji, namsaidia mama biashara ya dagaa na mawese pale Kibirizi. Nataka kujifunza mitandao kwa vitendo na baadaye nifanye mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Chuoni tulisoma subneti (kugawa mtandao vipande vipande) ubaoni, ruta tulionyeshwa kwa mbali. Nimeweka akiba ya 350,000 nijenge maabara ndogo chumbani.

Kuna muuzaji Kariakoo nimempata mtandaoni. Anauza anachokiita "seti ya CCNA": ruta tatu za Cisco 1841, swichi mbili za Cisco 2950, nyaya za siriali na kebo ya konsoli (ya kuingilia kwenye kifaa kutoka kwenye laptopu). Anataka 650,000, nusu nitume sasa, nusu nikishapokea mzigo kwenye basi. Anasema bila nyaya za siriali mtu hafaulu.

Laptopu yangu ni Lenovo ya mtumba, Core i5, RAM GB 8, SSD GB 256. Chumba nalala na wadogo zangu wawili, Luku ni moja kwa nyumba nzima, na intaneti yangu ni bando la simu. Je, nikope zilizopungua niichukue hiyo seti? Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Mzizi255 (Dar es Salaam)

Dogo, chukua vifaa halisi. Programu za kuigiza zinakuzoesha kubofya picha. Mimi kwenye usaili niliwekewa mezani swichi ya Cisco 2960 ambayo neno lake la siri halijulikani, nikaambiwa ifungue. Aliyesomea kwenye skrini peke yake angeanzia wapi? Kopa, nunua, utairudisha hela ukipata kazi.

FundiWaya_Mwanga (Kigoma)

Marahaba mdogo wangu. Usitume hiyo hela, na usikope.

Mimi ni dada yako hapa hapa mjini, nipo Mwanga. Kazi inayonilisha ni mitandao: gesti, zahanati, maduka ya jumla, na ofisi za mashirika yanayohudumia wakimbizi kule Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo nakujibu nikitaka kukuona ukiwa na kazi mkononi, cheti kikifuata.

Hiyo seti kwanza. Swichi ya 2950 ni ya zamani mno. Programu yake ya ndani, IOS ya Cisco, iliishia toleo la 12.1, na nyingi zinazouzwa mtumba hazina hata SSH (njia salama ya kuingia kwenye kifaa), unaingia kwa Telnet tu, ambayo haifichi kitu. Nyaya za siriali zilikuwa na maana enzi za Frame Relay na PPP, njia za kuunganisha ofisi za mbali. Mtihani wa sasa, 200-301, ulianza Februari 2020 na hauna Frame Relay wala PPP ndani yake. Una VLAN (kugawa mtandao mmoja uwe kadhaa), OSPF ya eneo moja (ruta kujulishana njia), IPv6, usalama, Wi-Fi inayoendeshwa na kidhibiti kimoja, na asilimia 10 ni mambo ya otomatiki kama JSON na API. Kidhibiti cha Wi-Fi hukioni kwenye mzigo wa huyo muuzaji. Kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, kipo, na ni bure.

Halafu piga hesabu ya Luku. Tuseme kila kifaa kinakula wati 40. Vitano ni wati 200, ukiviwasha saa tano za jioni, yuniti nzima imeondoka, na itaondoka kila siku ya kusoma, kwenye Luku ambayo mama ndiye mnunuzi. Feni zake nazo zilitengenezwa kwa ajili ya chumba cha seva. Wadogo zako hawatalala.

Sasa jambo ninaloliamini kwa dhati: jenga maabara inayofanana na mitandao utakayoikuta hapa. Fungua vikabati vya ukutani vya Kigoma mjini uone. Utakuta modemu ya 4G au redio juu ya bati inayopokea kutoka mnarani, ruta ndogo ya MikroTik, swichi ya bei rahisi ya poti nane, rekoda ya kamera, na nyaya zisizo na lebo hata moja. Cisco ipo, ila zaidi ni kwenye benki na taasisi kubwa, na mara nyingi anayeishika yuko Dar. Mteja wako wa kwanza atakuwa mwenye gesti ambaye wageni wake wakiangalia video, kompyuta ya mapokezi inakwama. Ukiweza kumtenganishia wageni na ofisi, akaona tofauti siku hiyo hiyo, atampa namba yako mwenye gesti wa jirani.

Kwa hiyo anza na Packet Tracer leo. Fungua akaunti ya bure kwenye Cisco Networking Academy, pakua, weka kwenye hiyo laptopu. RAM GB 8 inatosha vizuri. Fanya humo kila kitu cha CCNA mpaka vidole viandike amri bila kutazama: VLAN, tranki (waya mmoja kupitisha VLAN nyingi), ruta moja kuhudumia VLAN kadhaa kwa poti moja, OSPF, ACL (orodha ya kuruhusu na kuzuia), NAT (vifaa vingi kutoka kwa anwani moja). Ni mwigo, kuna amri ambazo haina, lakini kwa ngazi yako utakaa muda mrefu kabla ya kugonga ukuta.

Ukishaweza kugawa subneti bila karatasi, nunua MikroTik hAP lite moja. Kampuni yake ni ya Latvia, na programu ya RouterOS iliyomo ndiyo ile ile ya ruta zao kubwa, amri zinafanana. Ina poti nne na Wi-Fi. RAM yake ni MB 32 tu, usiibebeshe mizigo, lakini kwa DHCP (kuvigawia vifaa anwani), NAT, fayawoli na VLAN za kujifunzia inaweza. Ninachoipendea kwa mazingira yetu ni umeme: inatumia volti 5 kwa kichwa cha micro-USB, kile cha chaja za simu za zamani. Umeme ukikatika unachomeka pawabenki, somo linaendelea.

Juu ya hapo, MikroTik wanatoa ruta ya kuendesha ndani ya kompyuta, inaitwa CHR. Leseni ya bure haina ukomo wa muda, inabana tu kasi isizidi Mbps 1 kwa kila poti. Kwa kujifunza OSPF hiyo ni nyingi kupita mahitaji. Kila CHR ipe RAM MB 256 ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta), washa nne, ziunganishe kwa mduara, kisha kata njia moja uangalie jedwali la njia linavyojipanga upya. Ruta nne, na Luku haijui.

Bei nilizoziona karibuni, kwa kukadiria: hAP lite 85,000. Koleo la kubania vichwa vya waya vya RJ45, testa, vichwa hamsini na mita ishirini za waya wa mtandao wa Cat5e, 60,000. Swichi ya Cisco 2960 ya mtumba 120,000, kebo ya konsoli ya USB 25,000. Jumla 290,000, unabaki na 60,000 ya bando. Lakini hiyo swichi iache mpaka mwisho. Mzizi255 amesema kweli kuhusu mikono, kuna vitu skrini haivifundishi, ila kwa hilo swichi moja inatosha.

KijanaWaUjiji

Dada nashukuru sana. Nina maswali. Nikizoea MikroTik si nitachanganya na amri za Cisco kwenye mtihani? Na GNS3 naisikia sana, kwa nini hukuitaja? La tatu, intaneti yangu ni ya simu, hiyo ruta nitaiunganishaje na simu wakati haina poti ya USB ya kuchomeka modemu?

FundiWaya_Mwanga

Amri zinatofautiana, vitu vyenyewe ni vile vile. VLAN 20 inafuata kiwango cha 802.1Q kwenye Cisco, ni 802.1Q kwenye MikroTik, lebo inayobandikwa kwenye fremu ni ya baiti nne kote kuwili. Mtu aliyeelewa kwa nini tranki inapitisha VLAN nyingi hapotei, anatafuta tu amri inaandikwaje. Na kutengeneza kitu kimoja kwenye mifumo miwili kunakuonyesha kipi ni kanuni ya mtandao na kipi ni tabia ya kampuni. Fanya hivi: kila zoezi la Packet Tracer ulilomaliza, lirudie kwenye MikroTik.

GNS3 ni nzuri na ni bure, ila ni ganda tu la kuendeshea ruta za kufikirika. Ili iendeshe Cisco inahitaji faili la IOS, na hilo lina leseni, halipatikani bure kihalali. Usianze fani hii kwa kupakua mafaili ya wizi kwenye kurasa usizozijua, mengine yamebeba virusi. CHR ndani ya GNS3 ni halali kabisa, ukitaka kuiona michoro yako vizuri. Cisco wenyewe wana CML, maabara yao ya kufikirika, na siku hizi ipo ya bure ya nodi tano, lakini ni nzito, laptopu yako itahema.

Intaneti: washa hotspot ya simu, kisha Wi-Fi ya hAP lite iweke kwenye hali ya stesheni, yaani ijiunge na simu kama mteja. Hapo Wi-Fi imekuwa upande wa nje, na poti nne za waya zimekuwa upande wa ndani. Weka DHCP ya mteja kwenye wlan1, NAT itoke hapo, umemaliza. Ukitaka pia itoe Wi-Fi, tengeneza ya pili ya kubuni juu ya redio hiyo hiyo, itafuata chaneli ya simu. Kasi itapungua, na wewe hapo unajifunza, hutafuti kasi.

Zoezi lako la kwanza liwe hili, na ulichukulie kama kazi ya mteja. Mchukulie mama ana duka la mawese lenye ofisi, wageni na kamera. Ofisi iwe VLAN 10, 192.168.10.0/24. Wageni VLAN 20, 192.168.20.0/24. Kamera VLAN 30. Kila moja ipate DHCP yake. Wageni watoke intaneti lakini wasiione ofisi kabisa. Kamera zisitoke intaneti hata kidogo, ila kompyuta ya ofisi izione. Wageni wabanwe Mbps 2 wote kwa pamoja. Chora kwanza kwenye daftari, andika kila anwani na kila poti inakwenda wapi, ndipo uguse ruta. Ukimaliza, mpe mdogo wako mmoja aharibu kitu kimoja bila kukuambia: achomoe waya, abadilishe namba ya VLAN, azime DHCP. Tafuta kosa. Hapo ndipo kazi ya fundi ilipo, na ndipo wengi wenye vyeti wanapokwama mbele ya mteja.

Daftari usilidharau. Hapa Kigoma nakuta mitandao ambayo aliyeifunga alishahama mji, neno la siri hakuna anayelijua, mchoro haupo. Unaanza kufuata waya mmoja mmoja juu ya dari na joto lile la mchana. Linanikera sana, kwa sababu mwenye duka ndiye anayelipia uzembe huo mara mbili. Wewe zoea tangu chumbani kwako: lebo kila ncha ya waya, na kila ukimaliza zoezi toa usanidi wako kwa amri ya export, uhifadhi faili lenye tarehe.

MwalimuIsevya (Tabora)

Nafundisha kompyuta huku Tabora, nakubaliana na dada kwa mengi. Niongeze mawili.

La kwanza ni Wireshark, programu ya kuonyesha kila kinachopita kwenye mtandao. Ni bure, na watu wanaiacha mpaka mwisho wakati ndiyo inayofungua macho. Iwashe kwenye laptopu, kisha achia anwani kwa ipconfig /release na uiombe upya kwa ipconfig /renew. Utaiona kompyuta inapiga kelele mtandao mzima kuomba anwani, seva inaitolea pendekezo, kompyuta inaomba rasmi, seva inathibitisha. Jumbe nne, hiyo ndiyo DHCP ya kupata anwani. Kisha pingi kifaa cha jirani, uone ARP inauliza "nani mwenye anwani hii?" kabla ya pingi yenyewe kutoka. Wanafunzi wangu walikariri tabaka za OSI muhula mzima. Walipoona fremu imebeba paketi, na paketi imebeba data, wakaanza kuuliza maswali ya maana.

La pili ni Linux. Kama kuna kompyuta ya zamani imekaa stoo kwa mtu, hata ya RAM GB 2, weka Debian bila mazingira ya picha. Ongeza FRRouting, ni programu huria inayoijua OSPF na BGP (nayo ni njia ya ruta kujulishana njia), na amri zake zimeandikwa kwa mtindo wa Cisco. Weka dnsmasq uwe na seva yako ya DHCP na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Kompyuta isipopatikana, Linux ina kitu kinaitwa network namespace: ndani ya mashine moja unatengeneza ruta na kompyuta kadhaa za kufikirika, unaziunganisha kwa nyaya za kufikirika, na kila moja ina jedwali lake la njia. Haina picha ya kubofya, kwa hiyo unalazimika kuelewa.

Na kwenye waya, angalia sana. Madukani huku kuna Cat5e nyingi ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Inakatika kichwani mwa RJ45 ukiikunja mara mbili tatu, na ukiipitishia umeme wa PoE (unaopita kwenye waya huo huo wa mtandao) kwa masafa, kamera ya mbali inazimazima.

FundiWaya_Mwanga

Mwalimu ahsante, hilo la waya nilisahau kulisema na lina umuhimu mkubwa. Kijana, nunua mita chache za shaba tupu hata kama ni ghali kidogo. Mpangilio wa T568B ulale nao kichwani: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi ya kijani imetenganishwa na jozi ya buluu katikati, na wanaojifunza huipanga kijani yote pamoja. Testa ya namba moja hadi nane itawasha taa zote sawasawa hata hapo, kwa sababu ncha zote mbili zimekosewa kwa namna moja, lakini jozi zimevunjika na waya mrefu utapoteza paketi. Kwa hiyo tazama rangi kwa macho, testa ije baadaye. Na usiufumue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya kuingiza kichwani.

Mzizi255

Dada umenishawishi kwenye ruta na siriali. Basi nimsaidie kwenye hiyo 2960, nafanya kazi karibu na Kariakoo na mitumba hii naijua.

Dogo, kabla ya kulipa mwambie muuzaji akurekodie video ya skrini swichi inawaka mwanzo hadi mwisho, kisha aandike show version. Soma humo aina kamili na toleo la IOS, tafuta 12.2 au 15 yenye herufi K9, hiyo ina SSH. Iwe ya poti 24 isiyo na PoE, inakula wati 30 hivi na kelele yake ni ndogo. Mwambie achomeke waya kwenye poti moja moja mbele ya kamera, taa ziwake.

Ikifika ina neno la siri la kampuni iliyokuwa nayo, usiogope, ni zoezi zuri. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha Mode kilicho mbele, chomeka huku umekishikilia mpaka ikupeleke kwenye alama ya switch:. Andika flash_init, kisha lile faili la config.text libadilishe jina, halafu boot. Itawaka tupu. Na kuna faili jingine watu hulisahau, vlan.dat. VLAN za zamani zinakaa humo, hata ukifuta usanidi wa kuanzia zinabaki. Lifute. Swichi ya mtumba yenye VTP (njia ya swichi kunakiliana VLAN) ya namba kubwa ukiichomeka kwenye mtandao wa ofisi yenye jina lile lile la VTP inaweza kufuta VLAN zote za ofisi. Hilo lijue kabla hujaenda kazini kwa mtu.

KijanaWaUjiji

Wakuu nawashukuru mno. Muuzaji nimemwambia basi. Packet Tracer nimeshaipakua usiku kwa bando la usiku, na mama amekubali niitumie biashara yake kwenye zoezi, ameniuliza tu kama kamera zitakuwa za kweli.

La mwisho: kebo ya konsoli nimeona za aina mbili, moja ina USB upande mmoja na RJ45 upande wa pili, nyingine ina ile ya pini tisa. Nichukue ipi? Na kuna tahadhari gani kwa MikroTik siku ya kwanza?

FundiWaya_Mwanga

Chukua ya USB moja kwa moja, laptopu yako haina tundu la pini tisa. Fungua PuTTY, programu ya kuandikia amri, chagua siriali, kasi 9600, biti 8, hakuna pariti, biti 1 ya kusimamisha. Skrini ikibaki nyeusi bonyeza Enter. Ikionyesha herufi zisizosomeka, kasi ndiyo haijalingana.

MikroTik siku ya kwanza: pakua WinBox, programu yao ya kuisimamia ruta, kwenye tovuti yao wenyewe, weka neno la siri lako, na kabla ya kugusa fayawoli au VLAN bonyeza kitufe cha Safe Mode. Ukijifungia nje, ruta ikipoteza mawasiliano na wewe inarudisha yenyewe mabadiliko yote uliyofanya tangu ulipobonyeza. Ukiridhika, kizime ili mabadiliko yabaki. Kwa wateja ninaowahudumia kutoka mbali nakitumia kila siku, sipandi gari kwenda Kibondo kwa sababu ya mstari mmoja wa fayawoli.

Na msimu huu wa mvua, wingu likijikusanya upande wa ziwa, chomoa. Umeme na waya wowote unaotoka nje ya nyumba. Radi za huku zinaingia kwa waya wa mtandao kama zinavyoingia kwa waya wa umeme, na poti ya kwanza kufa huwa ile iliyounganishwa na nje.

Jumamosi nina kazi ya kuvuta waya kwenye gesti moja huku Mwanga, vyumba kumi na viwili. Ukiwa na nafasi nitumie ujumbe wa faragha, uje na koleo lako.